Kazi Iliyokwisha ni Ipi?

Wanafunzi wa elimu ya watu wazima wa Babati mjini, na ninyi mlioko Magugu, Gallapo na Dareda, natumaini mmekwisha kuketi, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno manne ya somo la leo: ANGA, KANUNI, KASORO, KUMALIZA. Tutayakuta njiani moja baada ya moja, na mwisho wa somo kila mmoja atayasoma mwenyewe.

Leo nataka tuanzie nje ya darasa. Siku ambayo hakuna mawingu, jua likiisha kutua tu, au alfajiri kabla halijachomoza, tokeni uani mtazame juu. Tazameni upande wa mlima Kwaraha, tazameni na upande wa ziwa. Siku nyingine mtaona kitu kama nyota kubwa nyeupe, lakini kinatembea. Hakiwaki na kuzimika kama taa za ndege, wala hakina sauti. Kinatoka upande wa machweo, na baada ya dakika chache kimepotelea upande wa macheo.

Hiyo ni nyumba. Ndani yake wamo watu, wanakula, wanalala na kufanya kazi. Inaitwa Kituo cha Kimataifa cha ANGA. Hilo ndilo neno letu la kwanza.

Sehemu ya kwanza ya kituo hicho ilirushwa na Warusi mwezi wa Novemba, 1998. Sehemu ya pili ilipelekwa na Wamarekani mwezi wa Desemba mwaka huo huo, nazo zikaunganishwa huko huko juu. Tangu tarehe 2 Novemba, 2000, nyumba hiyo haijapata kukaa bila mtu hata siku moja. Iko juu kiasi cha kilometa 400. Barabara ya kutoka Arusha mpaka Dodoma, inayopita hapa Babati, inazidi urefu huo kidogo. Basi kama tungeweza kuisimamisha barabara hiyo kama ngazi, ingekifikia kituo. Kituo kinakwenda mbio kiasi cha kilometa 28,000 kwa saa. Mama akibandika maharage jikoni, huenda kabla hayajaiva kituo kimekwisha kuizunguka dunia yote mara moja, maana kinatumia dakika 90 hivi.

Angalieni jambo hili. Nyumba hiyo haikupelekwa nzima. Ilijengwa kipande kwa kipande, na ujenzi wake mkubwa ulichukua miaka 13, mpaka 2011. Huko nje hakuna hewa ya kuvuta. Hata maji ni ya kuhesabu: jasho na mkojo wa wakazi husafishwa, ukawa tena maji ya kunywa. Mlango mmoja ukivuja, wote wamo hatarini. Katika nyumba kama hiyo kila kitu kinategemea kitu kingine.

Najua mzee mmoja hapo nyuma anauliza, “Mwalimu, hayo yanatuhusu nini sisi wakulima wa mbaazi?” Swali zuri, mzee wangu. Sasa naja huko.

Siku hizi kuna watu ambao kazi yao ni kutengeneza michezo ya kompyuta. Na mmoja wa michezo inayopendwa ni huu wa kujenga kituo cha anga. Mchezaji hupewa mahali patupu, fedha kidogo na wafanyakazi wachache. Hujenga chumba kwa chumba. Huweka hewa, vitanda, chakula, na mabamba ya kupokea nguvu za jua. Akisahau kufunga mlango, hewa inatoka na wafanyakazi wanakufa. Akipanga vizuri, kituo kinakua.

Wachezaji wa bao watanielewa upesi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, basi. Lakini mbao na kete peke yake si mchezo. Mchezo ni KANUNI, yaani sheria za nani anaanza, kete zinasambazwa vipi, na lini mtu amefungwa. Hilo ni neno letu la pili. Watu wawili wakigombana juu ya bao, mzee anaulizwa, naye anaamua. Kompyuta haina mzee wa kuuliza. Inajua tu yale iliyoandikiwa. Usipoiandikia kwamba mtu bila hewa hufa, basi mtu huyo atatembea nje ya kituo mwaka mzima akipiga miluzi.

Msidhani kazi hii ni ya watu wa mbali tu. Mwaka 2015, huko Nairobi, Andrew Kaggia na kikundi chake cha Black Division walitoa mchezo ulioitwa Nairobi X. Katika mchezo huo viumbe kutoka anga za mbali wanauvamia mji wa Nairobi, na mchezaji anaulinda. Tena yuko Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakikimbia vita katika nchi ambayo sasa ni Sudani Kusini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia kompyuta. Kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo wa amani unaoitwa Salaam, na mwaka 2018 akapewa heshima huko Marekani katika sherehe ya tuzo za michezo ya kompyuta.

Sasa tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msimtafute mtu sokoni.

Tuseme yuko mama mmoja wa Babati. Anauza mbaazi, na jioni anakuja darasani kama ninyi. Kijana wake amemaliza kidato cha nne. Yeye na wenzake wawili wamepanga chumba karibu na stendi, wanatengeneza mchezo wa kituo cha anga. Mama aliuza magunia ya mbaazi wakanunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Mwaka wa kwanza alimwuliza, “Mwanangu, kazi imefika wapi?” Akajibiwa, “Mama, tumebakiza kidogo tu.” Mwaka wa pili akauliza tena. Akajibiwa, “Mama, tumebakiza kidogo tu.” Sasa kijana amekuja na ombi jipya. Anataka mtamba auzwe, apate fedha za kumalizia.

Baba wadogo wanasema vijana hawa wanacheza tu. Mama hajui amwamini nani. Mtamba ni mmoja, na ndiye maziwa ya mwakani. Auze, asiuze?

Kabla hatujamjibu, tujiulize: kwa nini hiyo “kidogo tu” imechukua miaka miwili? Je, kijana ni mwongo?

Chukueni kalamu. Watu watatu wakikutana arusini, na kila mmoja akampa kila mwenzake mkono mara moja, mikono inayopeanwa ni 3. Wakiwa watano, ni 10. Wakiwa kumi, ni 45. Wakiwa ishirini, ni 190! Watu wameongezeka kutoka kumi hadi ishirini tu, yaani mara mbili, lakini mikono imezidi mara nne.

Mchezo wa kituo cha anga ndivyo ulivyo. Hewa inapeana mkono na mlango. Mlango unapeana mkono na moto, maana moto bila hewa huzimika. Moto na chakula, chakula na wafanyakazi, wafanyakazi na usingizi. Kila kitu kipya unachoongeza lazima kipatane na vyote vilivyotangulia, na kila mahali pasipopatana pana KASORO. Hilo ni neno letu la tatu. Kijana anapoongeza kitu cha ishirini, anaona ameongeza kimoja. Kumbe ameongeza mikono 19 ya kukaguliwa. Basi hasemi uongo. Kazi inamkimbia mbele, naye kila siku anaiongeza mbio.

Sikilizeni jambo lililotokea kweli. Katika mji wa San Francisco, Marekani, kuna kampuni iitwayo Double Fine. Kikundi kidogo ndani yake kilianza mchezo kama huu wa kujenga kituo cha anga, ukaitwa Spacebase DF-9. Mwezi wa Oktoba, 2013, walianza kuuza mchezo huo kabla haujakamilika. Waliwaambia watu wazi: haujaisha, bado tunaujenga, na haya ndiyo mengi tunayokusudia kuongeza. Watu wakanunua. Lakini mwezi wa Septemba, 2014, kampuni ikatangaza kwamba itaufunga ujenzi. Mkuu wake, Tim Schafer, alieleza kwamba fedha za mauzo hazikutosha kulipia gharama za kazi. Mwezi uliofuata mchezo ukatolewa kwa jina la mchezo kamili, na mengi yaliyokusudiwa hayamo. Wanunuzi wengi walikasirika. Kampuni ikaachia wazi maandishi mengi ya mchezo, ili wenye ujuzi wauendeleze wenyewe, na baadhi yao wakafanya hivyo.

Tusihukumu upesi. Watu hawa hawakuficha kwamba kazi haijaisha. Lakini ninyi mnamjua fundi cherehani anayepokea fedha ya kitambaa cha arusi mbili, ili amalizie nguo ya arusi ya kwanza. Siku mteja wa tatu asipokuja, nguo zote tatu zinalala mezani. Anayelipa kabla ya kazi kwisha hanunui nguo. Ananunua ahadi. Na ahadi ni deni.

Sasa sikilizeni habari ya mtu mwingine, naye ni wa kweli. Anaitwa Eric Barone, wa Marekani pia. Alitaka kutengeneza mchezo wa ukulima: mtu anarithi shamba la babu yake, analima, anafuga, anazoeana na majirani. Alifanya kazi hiyo peke yake kwa miaka zaidi ya minne. Picha alichora yeye, muziki alitunga yeye, maneno aliandika yeye. Kwa kujisaidia alifanya kibarua cha kuwaonyesha watu viti katika jumba la maonyesho. Hakutaka kuuza mchezo ambao haujaisha. Aliutoa mwezi wa Februari, 2016, kwa jina la Stardew Valley, nao umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40.

Je, nasema kila anayesubiri atapata milioni 40? La, hasha. Wengi humaliza vizuri wakauza nakala chache tu. Nasema jambo dogo kuliko hilo. Barone aliujua mpaka wa kazi yake. Siku aliyoutoa mchezo, mtu aliyeununua aliweza kukaa akacheza, na yeye Barone hayupo chumbani kumwambia, “Hapo ngojea kwanza, hapo patarekebishwa.”

Turudi kwa mama yetu. Mama huyu hajui kompyuta, lakini si mjinga. Jumamosi moja alijifunga kanga yake akaenda mpaka kile chumba cha karibu na stendi.

“Shikamoo, mama,” walisema vijana wote watatu.

“Marahaba, wanangu. Leo nimekuja kucheza.”

Vijana wakacheka kidogo, wakampisha kiti. Mama akatazama kioo cha kompyuta. Kijana wake akanyosha kidole, “Mama, bonyeza hapa.”

“Toa mkono wako,” alisema mama. “Nikiwa kwangu peke yangu, wewe utakuwa wapi?”

Kijana akatoa mkono. Mama akakaa kimya kwa muda mrefu. Juu ya kioo palikuwa na maneno mengi ya Kiingereza. Mwisho akasema, “Sijui pa kuanzia. Neno hili silijui.”

Mmoja wa wale wenzake akasema, “Mama, watu wa dunia nzima wanatumia Kiingereza.”

“Na mimi ni mtu wa dunia ipi?” aliuliza mama.

Basi wakamsomea. Akajenga chumba, akaweka vitanda vinne, akawaingiza wafanyakazi wake wanne. Baada ya muda wafanyakazi wakalala chini wote. Chumba kikageuka rangi nyekundu. Vijana wakatazamana. Mama alikuwa ametulia tuli.

“Mama, huoni?” aliuliza kijana wake.

“Naona. Wamechoka, wamelala. Waacheni wapumzike.”

“Mama, wamekufa! Mlango uko wazi, hewa imetoka!”

“Sasa mbona hamkuniambia?”

“Ile rangi nyekundu ndiyo inayokuambia.”

“Inakuambia wewe uliyeipaka,” alisema mama.

Ndugu wasikilizaji, hapo vijana walinyamaza. Kwa miaka miwili walikuwa wameongeza vyombo, mitambo na wageni kutoka nyota za mbali. Lakini wao watatu ndio waliokuwa wakicheza siku zote, nao walijua maana ya kila rangi. Hawakupata kumketisha mtu mgeni, kisha wakafunga midomo yao. Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa mbele ya macho yao, na ilionekana na mama anayejifunza kusoma, katika muda wa robo saa.

Kabla ya kuondoka mama aliwaambia hivi: “Mtamba simwuzi leo. Kwanza hesabuni vitu vilivyomo katika mchezo wenu. Vile visivyopatana na wenzake, vitoeni, hata kama mnavipenda. Yanayobaki yaandikeni kwa Kiswahili pia. Kisha leteni majirani wawili ambao hawajapata kuuona, muwakalishe, nanyi mnyamaze. Wakicheza tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuwauliza neno, njooni nyumbani tuzungumze habari ya mtamba. Na kama mkitaka kuuza kabla, mwambieni mnunuzi ukweli: hiki kimekwisha, hiki bado, na hiki huenda kisije kabisa.”

Walihesabu, wakakuta vitu 20. Kutoa kuliwauma kuliko kuongeza. Yule mwenzake mmoja alikuwa amekesha miezi mitatu akitengeneza wale wageni wa kutoka nyota za mbali, na wageni walikuwa wa kwanza kutolewa. Alitoka nje akakaa kizingitini, hakusema na mtu mpaka jioni. Mwishoni vikabaki vitu 12. Fanyeni hesabu: vitu 20 vina mikono 190, na vitu 12 vina mikono 66. Kwa kutoa vitu 8 tu, walijitua mzigo wa mikono 124. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, kazi ilikoma kuwakimbia, nao wakaanza kuikaribia.

Mfano wangu unakoma hapo. Sisemi kama mtamba aliuzwa. Hilo zungumzeni wenyewe darasani.

Limebaki neno letu la nne, KUMALIZA. Wengi wetu tunafikiri kumaliza ni kuweka kitu cha mwisho. Mjenzi wa nyumba anafikiri ni bati la mwisho, na fundi nguo anafikiri ni kifungo cha mwisho. Lakini kazi iliyokwisha ni ile inayoweza kusimama bila aliyeifanya kusimama karibu nayo. Kile kituo kinachopita juu ya Kwaraha hujengwa na kutengenezwa kwa mtindo huo. Waliokata na kuunga vyuma vyake wako huku chini, kilometa 400, wala hawawezi kukimbilia mlango ukivuja. Kila kipande kilijaribiwa hapa duniani kabla ya kupanda.

Ninyi pia mnaifanya kazi ya namna hiyo, kila jioni, hapo mlipo. Mtu anayeandika barua kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam hatakuwa pale barua itakapofunguliwa. Hataweza kunyosha kidole akisema, “Hapa nilikusudia kusema hivi.” Kwa hiyo ukiisha kuandika, mpe barua yako jirani aisome kwa sauti, nawe unyamaze. Akikwama, usimweleze. Chukua kalamu, urekebishe palipomkwamisha. Hapo umefanya kazi ile ile ya vijana wa kituo cha anga, na wala hukuhitaji kompyuta.

Sasa, walimu wa madarasa, haya ndiyo maswali ya kuzungumza:

1. Taja kazi moja ya hapa kwenu ambayo imekuwa “imebakiza kidogo tu” kwa muda mrefu. Ni kitu gani kinachoweza kutolewa ili iishe?

2. Watu 6 wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake mara moja, ni mikono mingapi? Wakiwa 8, je?

3. Mtu akipokea fedha kabla ya kumaliza kazi, amwambie mnunuzi mambo gani?

4. Kama ungekuwa yule mama, ungemwuza mtamba? Toa sababu zako, na usikilize za mwenzako.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike maneno matano au sita ya kumwelekeza mgeni njia ya kutoka stendi ya Babati mpaka nyumbani kwake. Kesho mpe mwenzako asiyepajua kwako. Usimwongoze. Mngoje mlangoni, uone kama atafika.

Haya, ndugu zangu. Ukiona ile nuru inapita jioni, waonyeshe na watoto. Kwaherini, mpaka somo lijalo.